Kufunga Umeme wa Jua na Kurudisha Miti ya Asili katika Zahanati: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kila mara kamati ya zahanati inapopata fedha za umeme wa jua, maswali yanayonifikia ni yale yale: paneli ngapi, betri gani, zielekee wapi, na je, miti iliyo mbele ya jengo ikatwe? Swali hilo la mwisho ndilo lililonisukuma kuandika mwongozo huu, kwa sababu nimeona viwanja vya umma ambavyo miti yote ilifyekwa siku ya kufunga paneli, wagonjwa wakabaki wakisubiri juani, kisha vumbi la uwanja mtupu likatanda juu ya paneli zile zile ambazo miti ilikatwa kwa ajili yake. Paneli na miti huweza kukaa katika kiwanja kimoja bila kugombana, mradi vyote viwili vichorwe kwenye ramani moja kabla shimo la kwanza halijachimbwa.

Mfano ninaoutumia ni zahanati ya kijiji katika mikoa ya Dodoma na Singida, ambako mvua ni ya msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na ardhi ni kavu kwa muda mrefu wa mwaka. Aliye Pwani au Nyanda za Juu Kusini atabadilisha aina za miti na kalenda ya kupanda. Hatua za umeme hazibadiliki.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

Kwanza, watu. Mpate mganga mfawidhi, mwenyekiti wa kamati ya usimamizi ya kituo, mhandisi wa halmashauri, afisa misitu wa wilaya na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA (mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji), wote mkae meza moja angalau mara moja. Manunuzi ya kituo cha umma hupita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, kwa hiyo orodha ya vifaa lazima iandikwe kwa vipimo kamili. Mkiandika "paneli kubwa 2 na betri nzuri", mtaletewa kilicho rahisi dukani.

Pili, vifaa vya kazi: futi ya mita 30, dira, multimeta (kipimo cha umeme), ngazi imara, mkanda wa usalama wa kupandia paa, glavu, spana, kifaa cha kubania viunganishi vya nyaya za sola, majembe, sururu, kamba na vigingi.

Tatu, muda. Kazi ya paa na mitaro ya nyaya ifanyike kiangazi, kati ya Juni na Septemba, mashimo ya miti yachimbwe Septemba na Oktoba, na miche ipandwe mvua zikishalowesha ardhi. Wanaoanza kupanda kabla ya kufunga umeme hukanyaga miche yao wenyewe kwa ngazi na mikokoteni.

Hatua za kazi

1. Chora ramani ya kiwanja kizima. Tumia karatasi kubwa na uweke majengo, choo, shimo la maji taka, bomba la maji, njia za wagonjwa, mti mmoja mmoja uliopo na visiki vyote. Weka alama ya kaskazini. Kwenye ramani hiyo hiyo chora mahali pa paneli, chumba cha betri na mtaro wa nyaya. Ramani hii itunzwe ofisini hata baada ya kazi, kwa kuwa atakayekuja kuchimba shimo la mti miaka mitano baadaye hatajua nyaya zimepita wapi.

2. Orodhesha mzigo wa umeme. Kwa kila kifaa zidisha idadi, wati na saa za matumizi kwa siku. Zahanati ndogo huweza kuwa hivi: taa 10 za LED za wati 9 kwa saa 6 ni wati-saa 540, taa 2 za nje za wati 12 kwa saa 12 ni 288, taa ya chumba cha kujifungulia ya wati 20 kwa saa 5 ni 100, kompyuta mpakato ya wati 60 kwa saa 6 ni 360, hadubini ya wati 20 kwa saa 5 ni 100, chaji ya simu 5 za wati 10 kwa saa 2 ni 100, mashine ya kunyonya majimaji ya wati 100 kwa saa 1 ni 100. Jumla ni wati-saa 1,588 kwa siku. Ongeza robo yake kwa ajili ya vifaa vitakavyokuja, upate takriban 2,000.

Jokofu la chanjo lisiingizwe kwenye hesabu hii. Chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na jokofu linalofaa ni lile lenye paneli zake lenyewe, la aina iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani. Siku taa zitakapomaliza betri, chanjo zisiharibike pamoja nazo. Vilevile birika, pasi, jiko la umeme na mashine ya kuchemshia vyombo hazina nafasi katika mfumo wa ukubwa huu. Katika zahanati moja niliyoshiriki kuifungia umeme, betri zilikufa kabla ya mwaka wa pili kwisha kwa sababu birika lilikuwa likichomekwa kila asubuhi. Hatukuwa tumemweleza yeyote kwamba halitakiwi, na hilo lilikuwa kosa letu sisi mafundi.

3. Kokotoa paneli, betri na vidhibiti. Gawanya wati-saa 2,000 kwa saa 4.5 za jua kamili (jua la siku nzima likihesabiwa kama saa za jua kali tu), kisha gawanya tena kwa 0.7 ili kufidia joto, vumbi na upotevu wa njiani. Utapata wati 635, yaani paneli 2 za wati 330. Saa 4.5 ni kadirio la tahadhari kwa ukanda huu wenye jua jingi, na ninalipenda kwa sababu hulinda kituo wakati wa mawingu ya masika.

Kwa betri, panga akiba ya siku 2, yaani wati-saa 4,000. Betri ya lithiamu isitumiwe zaidi ya asilimia 80 ya ujazo wake, hivyo inahitajika ya wati-saa 5,000, ambayo kwa mfumo wa volti 24 ni takriban ampea-saa 200. Betri za risasi na asidi zisishuke chini ya nusu, kwa hiyo mtahitaji wati-saa 8,000, sawa na ampea-saa 333. Kwa bei ya dukani betri za asidi huonekana nafuu, lakini kwa kituo ambacho hakina fundi wa kila siku napendekeza lithiamu bila kusita.

Chaji kontrola, yaani kidhibiti cha umeme unaotoka kwenye paneli kuingia kwenye betri, iwe ya aina ya MPPT, inayovuna umeme mwingi zaidi kutoka kwenye paneli. Wati 660 ukigawa kwa volti 24 ni ampea 27.5, ongeza robo, utafika ampea 34, basi nunua ya ampea 40. Halafu tazama volti, mahali ambapo wengi huteleza. Nyuma ya paneli pameandikwa Voc, yaani volti yake ikiwa haijapakiwa mzigo. Paneli ya wati 330 mara nyingi huwa na volti 46 hivi. Mbili zikiunganishwa kwa mfululizo ni 92, na asubuhi ya baridi volti hupanda zaidi. Kontrola ya volti 100 itakuwa ukingoni mwa kuungua. Nunua ya volti 150. Inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ikiwa ya wati 1,500 na yenye mawimbi safi inatosha.

4. Pima kivuli. Tanzania nzima iko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo paneli huelekezwa kaskazini. (Msomaji wa Kenya aliye kaskazini mwa mstari huo ataelekeza kusini.) Mwezi Juni jua hupita upande wa kaskazini, Desemba hupita kusini, na saa 3 asubuhi au saa 9 alasiri kivuli cha mti hulingana na urefu wake au huuzidi kidogo. Kutokana na hayo natumia kanuni hii: chukua urefu ambao mti utafikia ukikomaa, toa kimo cha paneli kutoka ardhini, zidisha kwa moja na nusu, umbali huo ndio mti uwe nao upande wa mashariki, magharibi na kaskazini. Kusini, umbali ulio sawa na tofauti ya vimo unatosha.

Mfano: mkwaju hufikia mita 20 na pengine zaidi. Paneli zikiwa mita 4 juu, tofauti ni 16, na mara moja na nusu ni mita 24. Mkwaju uliopandwa mita 8 mashariki mwa jengo hautaleta shida leo. Utaileta wakati kamati iliyoupanda imeshaondoka. Kivuli cha tawi moja juu ya paneli moja hupunguza umeme wa paneli zote zilizo katika mfululizo huo, na ndiyo maana siku ya kwanza tunapima mti mkubwa wa kesho badala ya mche wa leo.

Mti mkubwa wa asili ukiwa tayari umesimama ndani ya umbali huo, hamisha paneli kabla ya kufikiria kuhamisha mti. Paa la nyumba ya mtumishi, kibanda cha kusubiria, au fremu ya chuma juu ya nguzo katika sehemu iliyo wazi vyote hufaa, na gharama ya mita 20 za waya ni ndogo mno ikilinganishwa na miaka 40 ya mti. Tena mininga na mipingo haikatwi kiholela kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Mwone afisa misitu kwanza.

5. Kagua paa. Paneli moja ya ukubwa huu ina takriban kilo 20, na upepo unaoinyanyua kutoka chini ni hatari kuliko uzito wake. Ingia darini utazame kenchi na papi, yaani mbao zinazobeba paa: zilizoliwa na mchwa zibadilishwe kwanza. Majengo ya zamani ya serikali yaliyoezekwa kwa vigae vya asbesto yasitobolewe hata tundu moja, kwani vumbi lake huharibu mapafu. Huko funga paneli ardhini juu ya nguzo.

6. Funga fremu na paneli. Boliti ziingie kwenye papi, zisishike bati peke yake. Toboa juu ya mgongo wa bati, kamwe si kwenye bonde maji yanakopita, na kila tundu lizibwe kwa mpira na silikoni. Acha nafasi ya sentimita 10 kati ya bati na paneli ili hewa ipite, kwa kuwa paneli inayopata joto sana hutoa umeme pungufu. Mwinamo uwe nyuzi 10 hadi 15. Paneli iliyolazwa kabisa hushika matope kwenye ukingo wa chini. Tumia boliti za kuzuia wizi na uchonge jina la kituo kwenye fremu.

Fremu zote ziunganishwe kwa waya wa shaba hadi kwenye fimbo ya ethi (inayopeleka umeme uliopotea ardhini) ya mita 1.2 au zaidi. Udongo mkavu wa Dodoma haupitishi umeme vizuri, hivyo pigilia fimbo mahali pasipokauka upesi, kwa mfano karibu na mti unaomwagiliwa, na umwambie fundi apime. Kinga ya radi iwekwe pande zote mbili, wa paneli na wa inveta.

7. Andaa chumba cha betri. Kiwe na hewa, kisipigwe na jua la mchana, na kifungwe kwa ufunguo. Fyuzi kuu ikae karibu kabisa na betri, ya ampea 100 kwa waya wa milimita za mraba 25. Breka za upande wa paneli na betri ziwe za umeme wa DC, yaani umeme wa mkondo wa upande mmoja kama wa betri. Zile za kawaida za nyumbani hushindwa kuzima cheche za DC na huweza kuwaka moto.

8. Unganisha kwa mpangilio. Betri kwenye kontrola kwanza, kontrola ikishawaka na kuonyesha volti sahihi ndipo paneli zifuate, na inveta iwe ya mwisho. Wakati wa kuzima, anza na inveta, kisha paneli, kisha betri. Ukichomeka paneli kabla ya betri unaweza kuiunguza kontrola mpya ndani ya sekunde chache. Viunganishi vya paneli visichomolewe umeme ukiwa unapita. Zima breka kwanza. Pima kila jozi kwa multimeta uhakikishe chanya na hasi kabla ya kugusisha.

9. Tafuta visiki hai kabla ya kununua miche. Hapa sasa tunahamia kiwanjani. Wakulima wengi wa Dodoma wanaijua kazi ya kisiki hai: mti uliokatwa zamani bado una mizizi chini, na kila mwaka huchipua vitawi ambavyo huliwa na mbuzi au kufyekwa na mtu wa usafi. Chagua machipukizi 3 hadi 5 yaliyonyooka na yenye afya, kata mengine, pogoa matawi ya chini hadi nusu ya kimo, kisha funga kitambaa chenye rangi ili mfyekaji aone. Mti wa namna hii una mizizi ya miaka mingi, hauhitaji kumwagiliwa, na hukua kwa kasi ambayo mche wa kitalu hauwezi kuifikia. Katika kiwanja cha ekari 2 nimewahi kukuta visiki vya migunga na mikole ambavyo hakuna aliyejua vipo, maana kila Jumamosi vilifyekwa pamoja na majani.

10. Chagua miti ya kujazia. Watu wengi hushangaa wakiambiwa kwamba mwarobaini na mjohoro asili yake ni Asia, mkaratusi ni wa Australia, na mkrismasi umetoka Madagaska. Miti hiyo ikiwa tayari inawapa wagonjwa kivuli, iache isimame; usiiongeze tu. Kwa sehemu zilizo mbali na paneli panda mkwaju, mgunga au mninga. Karibu zaidi panda mikole, ambayo ni vichaka vyenye matunda watoto wanayoyapenda, na mpingo, ambao hukua polepole mno. Mkuyu na mbuyu vikae mbali na msingi, bomba na shimo la maji taka. Chini, badala ya kufagia uwanja hadi udongo mwekundu uonekane, acha ukoka utambae. Vumbi linalobaki kwenye ukoka halipandi kwenye paneli. Gugu karoti ling'olewe kwa glavu kabla halijachanua, kwa kuwa huwasha ngozi.

Miche huulizwa katika vitalu vya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) au vya halmashauri, mapema, kwani miche ya asili huoteshwa michache. Mkiotesha wenyewe mbegu za mgunga, zimwagieni maji ya moto, muziache ziloweke usiku kucha, kisha mzipande kwenye viriba.

11. Chimba na kupanda. Shimo liwe sentimita 60 kila upande, udongo wa juu ukiwekwa kando na kuchanganywa na samadi iliyooza. Upande wa chini wa mteremko inua kingo ya nusu mwezi ili maji ya mvua yasimame kwenye mche. Panda baada ya mvua kulowesha udongo hadi kina cha kiwiko. Kiriba kichanwe na kutolewa chote. Kila mwaka naona mizizi iliyozunguka ndani ya nailoni na mche uliokufa ukiwa na umri wa miezi 8. Weka matandazo, yasiguse shina, kisha uzio wa miiba. Bila uzio, usipande.

12. Kabidhi kwa maandishi. Andika kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili, iliyobandikwa mlangoni mwa chumba cha betri: vifaa vinavyoruhusiwa, mpangilio wa kuzima, namba ya fundi, na jina la cheo cha anayehusika. Paneli zioshwe kila wiki mbili wakati wa kiangazi, alfajiri kabla hazijapata joto, kwa maji matupu na kitambaa laini. Maji hayo yakingwe kwenye ndoo na yapelekwe kwenye miche. Kamati itenge fedha kila robo mwaka kwa ajili ya betri ijayo, na kifungu hicho kiingizwe kwenye mpango wa kituo kabla fundi hajaondoka.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

Umeme unakatika saa 4 usiku. Tazama kwanza kama paneli ni chafu au zina kivuli asubuhi. Kama ni safi, pitia orodha ya vifaa chumba kwa chumba, maana mara nyingi kumeongezeka jokofu dogo au televisheni. Betri ndiyo ya mwisho kulaumiwa.

Kontrola inaonyesha betri imejaa lakini inveta inalia na kuzima. Viunganishi vya nyaya nene vimelegea au vimeshika kutu. Zima mfumo, vikaze, na kama waya umebadilika rangi ubadilishwe.

Paneli moja inatoa volti kidogo kuliko mwenzake. Angalia kinyesi cha ndege, ufa kwenye kioo, au kiunganishi kilichoyeyuka. Ufa hautengenezwi, dai waranti.

Paa linavuja. Tundu limetobolewa kwenye bonde la bati. Kuongeza silikoni juu yake ni kuahirisha. Ondoa boliti, ziba kwa kiraka, utoboe upya mgongoni.

Miche inakatika shingoni. Ni mchwa. Sogeza matandazo mbali na shina, ondoa samadi mbichi, na ukipata majivu yanyunyize kuzunguka mche.

Mninga umekauka wote juu wakati wa kiangazi. Usiung'oe. Mche wa mninga hufa juu ya ardhi kila mwaka kwa miaka kadhaa huku mzizi ukinenepa chini, mpaka uwe na nguvu ya kusukuma shina litakalodumu. Acha kigingi na uzio mahali pake, mwonyeshe mfyekaji mahali hapo kabla ya mvua, na ukague tena Januari.